Makumbusho ya viwanda vya pamba Lowell: nendeni, ila msiende haraka haraka

Watu wa Boston na vitongoji vyake mnauliza sana wageni wakija kutoka nyumbani tuwapeleke wapi zaidi ya Harvard na madukani. Jibu langu ni Lowell, na sizungumzii Lowell ya kwenda kula ugali na nyama choma kwa Wakenya (ingawa hilo nalo fanyeni), nazungumzia yale majengo marefu ya matofali mekundu pembeni ya mifereji ambayo wengi wetu tunayapita kila siku tukiwahi shifti na hata hatujiulizi yalikuwa ya nini. Eneo lote lile ni hifadhi ya taifa, Lowell National Historical Park, na askari wa hifadhi wapo kabisa na kofia zao, ila wanacholinda pale ni viwanda, mifereji na mabweni ya wafanyakazi. Sheria ya kuianzisha ilisainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 na mmoja wa walioipigania sana bungeni ni Paul Tsongas, mzaliwa wa hapo hapo Lowell, familia ya Kigiriki.

Mi naweka nyota tano na sitanii. Ila kuna namna ya kupatembelea, ukienda vibaya utatoka unasema umeona mashine tu.

Tuanze na mashine zenyewe maana ndo zinazovuta watu. Kile kiwanda kikubwa chenye mnara wa saa ni Boott Mills, kampuni yake ilianzishwa 1835, na chini kabisa wamepanga chumba cha kufumia kama kilivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 20, mashine zaidi ya 80 za kampuni ya Draper, zimepangana safu kwa safu mpaka mwisho wa macho. Mlangoni unapewa vya kuziba masikio, chukua na uvae, usijifanye jasiri. Hawaziwashi zote, zinawashwa chache tu, na hizo chache zinatosha, kelele yake ni mvua ya mawe juu ya bati na sakafu inatetemeka mpaka unaisikia kwenye magoti. Halafu mtu anakueleza kwamba enzi hizo ziliwaka zote, na orofa za juu nazo zilijaa mashine, na hakuna aliyepewa cha kuziba masikio, na mfumaji alisimama hapo saa 12 mpaka 13 kwa siku, siku 6 za wiki. Wiki ya kazi ilikuwa kama saa 73. Wafanyakazi wengi waliishia kuongea kwa ishara na kusomana midomo.

Simameni hapo kwa muda, msipite tu mkipiga picha. Angalieni kile kibao chenye ncha za chuma kinachobeba uzi kikirushwa kulia kushoto kulia kushoto. Uzi ukiisha unaweka mwingine, na ule uzi mpya lazima upite kwenye tundu dogo la pembeni, sasa njia ya haraka ya kuupitisha ilikuwa kuweka mdomo kwenye tundu na kuuvuta kwa pumzi. Mmoja akimaliza mwingine anakuja kwenye kibao kile kile anaweka mdomo pale pale. Kifua kikuu kilipita hapo kama kawaida, pamoja na vumbi la pamba wanalolivuta kutwa nzima, na madirisha yamefungwa hata kiangazi kwa sababu hewa ikiwa kavu nyuzi zinakatika, kwa hiyo uzi ulitunzwa kuliko mapafu. Massachusetts walikuja kupiga marufuku ule mtindo wa kuvuta uzi kwa mdomo mwaka 1911. Hebu hesabu tangu 1823 kitambaa cha kwanza kilipotoka Lowell mpaka 1911 ni vizazi vingapi.

Vitambaa vinavyofumwa pale sa hivi vinatengenezwa taulo za jikoni na zinauzwa dukani kwao, pamba nzito kweli, zawadi nzuri ya kupeleka nyumbani kuliko zile sumaku za friji.

Sasa ushauri wangu mkubwa, kabla ya kuingia Boott anzeni na maji. Bila maji Lowell haieleweki. Mto Merrimack ukifika pale kwenye maporomoko ya Pawtucket unashuka kama mita 10 kwa mwendo mfupi tu, na hiyo mita 10 ndo mtaji wote wa mji ule. Mfereji wa kwanza, Pawtucket Canal, ulichimbwa miaka ya 1790 kwa kazi tofauti kabisa, ilikuwa kupitisha mbao na mizigo kukwepa maporomoko kwenda baharini Newburyport. Haukudumu kibiashara, wenzao walichimba mfereji mwingine wa kwenda moja kwa moja Boston na biashara ikahamia huko. Mwaka 1821 ndo wakaja matajiri wa Boston, kina Nathan Appleton na Patrick Tracy Jackson, wakanunua ule mfereji na mashamba ya pembeni kimya kimya kabla wakulima hawajajua thamani ya walichonacho. Kama unatoka kwetu hiyo hadithi ya ardhi utaielewa bila kusimuliwa mara mbili.

Huyo Francis Cabot Lowell mwenye jina la mji hakuwahi kuuona, alifariki 1817. Alichofanya yeye ni kwenda Uingereza kati ya 1810 na 1812, akazunguka viwandani akiangalia mashine za kufuma kwa nguvu ya maji, na wakati ule sheria ya Waingereza ilikataza kabisa kutoa michoro ya mashine nje ya nchi, kwa hiyo akaibeba kichwani. Kurudi akamkuta fundi hodari, Paul Moody, wakaunda yao na wakafungua kiwanda Waltham kwenye mto Charles, na hapo wakafanya kitu ambacho kilikuwa kigeni, robota la pamba linaingia upande huu, jora la kitambaa linatoka upande ule, kusokota na kufuma vyote chini ya paa moja. Mto Charles ulikuwa mdogo kwa tamaa yao. Ndo wakaenda kutafuta maporomoko makubwa.

Mifereji yote ukiiunganisha inafika karibu kilomita 9, inazunguka katikati ya mji kwa ngazi mbili, maji yanashuka kiwanda cha juu, yanafanya kazi, yanatoka chini yanaingia mfereji wa pili yanaenda kiwanda kingine yanafanya kazi tena ndo yanarudi mtoni. Kampuni ya mifereji iliuza maji kwa viwanda kwa kipimo, tena ikaenda mpaka New Hampshire kushika milango ya maziwa kule juu ili kiangazi maji yasipungue. Wachimbaji walikuwa Waireland kwa sehemu kubwa, kundi la kwanza lilikuja 1822 likiongozwa na Hugh Cummiskey, wametembea kwa miguu kutoka Charlestown, wakachimba kwa sururu na baruti, na usiku walilala kwenye mahema na vibanda kwa sababu mipango mizuri ya nyumba za mji mpya haikuwa na nafasi yao. Ule mtaa wao unaitwa the Acre mpaka leo na wageni wapya bado wanaanzia huko huko.

Chukueni boti. Naomba sana chukueni boti, inatembea msimu wa joto tu, na inakupitisha kwenye milango ya maji ile ya kupandisha na kushusha chombo, unakaa ndani ya boti unaona maji yanajaa na nyinyi mnapanda taratibu, watoto wanapenda kupita kiasi. Njiani mnaonyeshwa Francis Gate. Huyu James B. Francis alikuwa injinia mkuu wa mifereji, Mwingereza, kaja Marekani kijana mdogo, na ile turbini ya Francis inayozungusha mabwawa ya umeme duniani kote ikiwemo mabwawa yetu ya Tanzania na Kenya, alifanyia kazi hapo Lowell mwishoni mwa miaka ya 1840. Mwaka 1850 alijenga lango kubwa la mbao, likaning'inizwa juu ya mfereji kwa chuma likisubiri mafuriko makubwa. Watu wakamcheka, wakaliita upuuzi wa Francis. Miaka miwili tu mbele, 1852, mto ukafurika, wakakata kile chuma kwa patasi usiku, lango likashuka likaziba, mji ukapona. Na 1936 likashushwa tena, na wa kumcheka hayupo. Mi kwenye ile boti hapo ndo nilipoona thamani ya safari nzima, kwa sababu unaliona lango lenyewe juu ya kichwa chako, mbao zile zile.

Halafu mabweni. Hii sehemu ni ya bure, iko hatua chache tu kutoka Boott, jengo la Mogan Cultural Center, na nyinyi dada zangu mnaofanya kazi za kutunza wazee huku mnalala wanne kwenye nyumba moja mtajiona humo ndani. Wafanyakazi wa mwanzo wa viwanda wengi wao walikuwa mabinti wa mashambani, New Hampshire, Vermont, Maine, umri kuanzia miaka 15 hivi mpaka 30 na kidogo, kampuni ikawajengea mabweni na mama msimamizi, chumba kimoja wanalala wanne mpaka sita, kitanda kimoja wawili, saa 4 usiku mlango umefungwa, Jumapili kanisani ni lazima. Wametengeneza jiko na meza ya chakula imepangwa na vyumba vya juu na masanduku yao, unaona vitu vya mtu mmoja mmoja. Kengele ndo iliyowaamsha, kengele ikawaingiza kazini, kengele ikawapa nusu saa ya kula, kengele ikawarudisha.

Ila hawakuwa wanyonge wa kulia tu pembeni na hili makumbusho wamelisema vizuri. Walikuwa wanapata hela yao mkononi kwa mara ya kwanza, wengine wanasomesha kaka zao, jioni wanaenda mihadharani, wana jarida lao wanaandika wenyewe. Februari 1834 kampuni zilipotaka kukata mishahara wakatoka nje, kama 800. Hawakushinda. Oktoba 1836 bei ya kulala bwenini ikapandishwa, wakatoka tena na safari hii walikuwa wengi zaidi. Kuna mtoto anaitwa Harriet Hanson, miaka 11, anafanya kazi kiwandani, wenzake wakubwa kwenye chumba chake wakaanza kusitasita tutoke tusitoke, yeye akaondoka mbele na wote wakamfuata. Mama yake alikuwa msimamizi wa bweni la kampuni, mjane, akaondolewa kazini kwa sababu hakumzuia mwanae. Huyo Harriet alikuja kuwa mwandishi na mpigania haki ya wanawake kupiga kura, Harriet Robinson. Na kuna Sarah Bagley, yeye na wenzake mwishoni mwa 1844 wakaanzisha chama cha wafanyakazi wanawake, wakakusanya saini kwa maelfu kudai siku ya kazi iwe saa 10, wakaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la jimbo mwaka 1845. Kamati ikasema hilo sio la serikali. Mwenyekiti wa kamati alikuwa William Schouler, wanawake hawa hawana kura lakini wakampigia kampeni ya kumwangusha na akaanguka. Sheria ya saa 10 kwa wanawake Massachusetts ikaja kupita 1874, miaka karibu 30 baadae. Mi nilisoma hayo maelezo pale ukutani nikarudi kuyasoma tena.

Sasa jambo lililonipeleka mimi hasa. Pamba haioti Massachusetts. Ile pamba yote ilitoka kusini, Georgia, Alabama, Mississippi, Louisiana, imelimwa na kuchumwa na watu weusi waliokuwa watumwa, ikabebwa marobota mpaka Lowell, na moja ya vitu vilivyofumwa Lowell kilikuwa kitambaa kigumu cha bei rahisi ambacho wenye mashamba walinunua kuwavalisha watumwa wale wale. Watumwa wenyewe walikiita jina la mji, lowell. Charles Sumner wa Massachusetts, aliyekuja kuwa seneta baadae, aliwasema hadharani mwaka 1848 kwamba mabwana wa mashine za kufuma na mabwana wa mijeledi wameungana. Hii sehemu makumbusho inayo, msiipite mbio kwa sababu mnawahi mashine zinazolia, ndo moyo wa habari nzima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 vilipoanza kati ya kaskazini na kusini na pamba ikakatika, kampuni za Lowell zikauza akiba ya pamba iliyokuwa stoo kwa bei ya juu na kuwaacha maelfu bila kazi.

Na sisi tumo. Mwaka 1833 Marekani walisaini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na 1837 balozi mdogo wao wa kwanza Zanzibar, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akafika kuanza kazi. Salem ni hapo tu, gari haifiki saa moja kutoka Lowell. Meli za Salem zilileta Zanzibar vitambaa vya pamba vya viwanda vya New England, merikani ile ile ambayo bibi zetu waliijua, nyeupe isiyopakwa rangi, nzito, haichakai upesi, na misafara ya bara ikaichukua kama fedha, unalipia hongo kwa merikani, unanunulia chakula kwa merikani, wapagazi wanalipwa merikani, Tabora mpaka Ujiji. Kurudi meli zikabeba pembe za ndovu, sandarusi, ngozi, karafuu. Pembe nyingi zikaishia Connecticut kutengenezwa vibonye vya piano. Salem walijenga hadi kiwanda chao cha mvuke, Naumkeag, kilianza kazi miaka ya 1840 na soko letu lilikuwa kwenye hesabu zao. Vile vita vya Marekani vilipokata pamba, merikani ikaadimika Zanzibar na vitambaa vya Wahindi na Waingereza vikachukua nafasi. Kwa hiyo unasimama Boott unaangalia jora linakua mbele yako, unajua pamba ya aina hii imechumwa na mtumwa Mississippi, imefumwa na binti wa Vermont anayekohoa, imevaliwa na mpagazi Unyamwezi aliyebeba pembe. Mi nilitoka pale nikakaa kwenye benchi pembeni ya mfereji, sikutaka kuongea na mtu.

Kupanda na kushuka kwa mji nakwenda haraka maana kule ndani kuna picha zinaeleza vizuri zaidi yangu. Mabinti wa mashambani wakaondoka kazi zilipozidi kuwa ngumu na mishahara ile ile, wakaingia Waireland, halafu Wafaransa wa Canada, Wagiriki, Wapoland, Wareno, kila kundi na kanisa lake na mkate wake. Mvuke na baadae umeme vikaondoa ulazima wa kukaa mtoni, na wenye hela wakahamishia mitaji kusini kwenye mishahara midogo. Miaka ya 1920 viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, Merrimack na Boott vikajikongoja mpaka miaka ya 1950. Kampuni ya kwanza kabisa, Merrimack, majengo yake yalibomolewa yote, na watu wa Lowell bado wanaumia. Sisi wa Mwanza tulioona kiwanda chetu cha nguo cha Mwatex ilivyokuwa na ilivyokuja kuwa hatuhitaji kueleweshwa hisia hiyo. Kilichonigusa ni kwamba mwalimu mmoja wa pale, Patrick Mogan, alishikilia kwamba watoto wa mji ulioanguka wanafaa kujivunia kazi ya babu zao badala ya kuionea aibu, na wazo hilo ndo lililozaa hifadhi yote hii. Baada ya wale wahamiaji wa kutoka Ulaya na Canada wamekuja Wakambodia kwa wingi tangu miaka ya 1980, sa hivi ni jamii ya Wakambodia ya pili kwa ukubwa Marekani, na Waafrika Mashariki na Wakongo nao wapo, ukitembea mtaani Kiswahili utakisikia.

Mambo ya kujua kabla ya kutoka nyumbani. Treni inatoka North Station, kama dakika 45 hivi, kutoka stesheni mpaka katikati ya mji unaweza kutembea ila wazee watafutie gari. Anzieni Visitor Center mtaa wa Market, pale mnapata ramani na mnauliza boti za siku hiyo. Siku na saa za kufungua zinabadilika kwa msimu, angalieni tovuti yao, hasa baridi. Boti nafasi ni chache, agizeni mapema. Kuna tramu ya kizamani inazunguka kiangazi, ni nzuri kwa watoto na wenye magoti mabovu, ila ukiwa na muda wa kuchagua kimoja chagua boti. Chumba cha mashine hakifai kwa mtoto mchanga, mzazi mmoja abaki nje mpokezane. Mwenye shida ya pumu nae aulize kabla ya kushuka, harufu ya mafuta ya mashine ni kali. Na msijaribu kumaliza kila kitu kwa nusu siku, maji asubuhi, mabweni, chakula, ndo Boott mchana.

Walimu na mnaosimamia vikundi vya vijana kanisani na msikitini, ndani ya jengo la Boott kuna Tsongas Industrial History Center, wanaiendesha na chuo cha UMass Lowell, watoto wanafuma kwa mikono yao, wanajenga mifereji midogo na kuona maji yanavyozungusha gurudumu. Vikundi vinapangiwa tarehe, kwa hiyo wapigieni simu mapema, majira ya kuchipua shule zote zinagombania nafasi.